Kitufe Kilichokwama

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Tanga, na umri wangu umekwisha kupita miaka 50. Elimu yangu ni hiyo ya chuoni tangu utotoni, pamoja na darasa la saba la serikali, basi. Ufundi sikuusomea. Lakini marehemu baba alikuwa akitengeneza karabai na tochi barazani petu Ngamiani, nami nilikaa ubavuni mwake kabla sijajua kushika kalamu, hata mkono wangu ukazoea bisibisi. Mpaka leo mtu wa mtaani petu akiharibikiwa na tochi, redio ndogo, au saa ya ukutani, huja kwangu kwanza kabla hajakwenda kwa fundi wa kulipwa. Haya ninayotaka kuyaeleza yametokana na mazoea hayo. Sikuyaandika mapema kwa sababu yana aibu yangu ndani yake.

Wale wa rika langu watakumbuka miaka ile ya mwanzo wa 1980, bidhaa zilipokuwa haba nchini mwetu. Betri za tochi zilikuwa kama lulu. Watu walizianika juani juu ya bati ili wazipatie nguvu ya usiku mmoja zaidi. Kwa hivyo tochi iliyokataa kuzimika ilikuwa msiba wa nyumba, maana hadi alfajiri betri zimekwisha na pengine zimevuja. Baba alinifunza kanuni moja tu: tochi ikikataa kuwaka au ikikataa kuzimika, usihangaike na balbu, tazama springi, tazama kutu, tazama swichi. Nimeifuata kanuni hiyo miaka 40 na haikunihadaa hata mara moja, mpaka mwezi wa Shaabani wa mwaka 1444, yaani Machi 2023.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, watoto wamekwisha kutawanyika, aliingia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alikuwa amerudi karibuni kutoka Dubai, alikofanya kazi ya hoteli kwa miaka 3.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akatazama nyuma, akaketi mkekani, akatoa mfukoni kitu cha shaba ya manjano, kinene kuliko kidole gumba na kirefu kama upana wa kiganja. Chini kina kitufe cha mviringo, juu kina kichwa kidogo chenye kijibomba cha mdomo. "Kitufe kinakwama," akasema. "Nikikibonyeza hakirudi."

Nikadhani ni tochi ya mtindo mpya. Nikamwuliza balbu iko wapi. Akainamisha kichwa, akaniambia kuwa hiyo si tochi, ni sigara ya umeme, ambayo vijana huiita vepu. Kule Dubai vitu hivi vimeruhusiwa kuuzwa tangu mwaka 2019, na hiki alikinunua kwa mwenzake wa kazini, mtu wa Ufilipino, ambako wapo mafundi hodari wa kuchonga vibomba hivi vya shaba. Alikuwa amezoea sigara za kawaida huko ugenini, paketi nzima kwa siku, na kwa chombo hiki akaziacha. Hayo yote sikuyajua. Mama yake pia hakuyajua.

"Mjomba, nakuomba, mama asijue."

Nikamwambia, "Haya."

Nasema kweli, nililitamka neno hilo bila ya kulifikiri, kama mtu anavyopokea salamu.

Najua baadhi yenu mnataka kuniuliza juu ya hukumu ya kuvuta kitu hiki. Masheikh wamesema mengi juu ya tumbaku, na wenye elimu wapo. Mimi ninayefundisha watoto alifu na bee sitajitia katika safu yao. Ninalolijua ni kwamba maji yake matamu aghalabu yana nikotini, ile ile iliyomo katika tumbaku, inayomfanya mtu airudie hata akichukia; na mzazi asidanganyike akisikia nguo za mwanawe zinanukia embe au matunda mengine. Zaidi ya hapo, siku ile sikufikiri hukumu. Nilifikiri springi.

Na kwa hakika chombo chenyewe ni tochi tupu. Ndani mna betri 1 ya duara iitwayo 18650, kwa kuwa unene wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Kichwani mna waya mdogo uliosokotwa, na ndani ya msokoto huo mna pamba iliyolowa yale majimaji. Ukibonyeza kitufe cha chini, umeme hupita, waya huwa mwekundu, majimaji hugeuka mvuke, nao huvutwa. Ukiondoa kidole, springi hukirudisha kitufe, na umeme hukatika. Sigara nyingi za umeme zinazouzwa madukani zina kibao kidogo cha elektroniki ambacho hukata umeme chenyewe baada ya sekunde chache hata kama kitufe kimekwama. Hii haina kibao, haina taa ya kuonya, haina akili yo yote. Akili yake ni kidole cha mwenyewe, na kidole kile hakina mamlaka tena kitufe kikikataa kurudi.

Nikaanza kazi. Kitako kilifungwa kwa hesi, yaani zile njia za kuzungushia kama za kifuniko cha chupa. Nilipokifungua nikaona ugonjwa mara moja. Majimaji yalikuwa yamevuja kutoka kichwani, yakatiririka mpaka chini, yakachanganyika na mchanga wa pwani yetu na nyuzinyuzi za mfukoni, yakawa kama lami. Kile kipande cha shaba kinachogusa betri kilikuwa cheusi, kwa kuwa kila kitufe kinapobonyezwa hutoka cheche ndogo, nazo huchoma. Springi nayo ilikuwa imelegea na kufupika, kwani umeme mwingi ulikuwa ukipita katika springi yenyewe na kuipasha moto, na springi iliyopashwa moto mara kwa mara husahau urefu wake. Mambo yote matatu niliwahi kuyaona katika tochi. Nikafurahi moyoni kama mwanafunzi aliyeulizwa sura anayoijua.

Kasoro ilikuwa moja: betri ilikataa kutoka. Ilikuwa imebana na ile lami. Nikapitisha bisibisi nyembamba kwa upande wa kichwa, nikaisukuma, bisibisi ikateleza ubavuni, na betri ikatoka kwa mkwaruzo. Nikaona kuwa lile ganda lake la plastiki, jembamba kama ganda la kitunguu, limechanika mahali padogo, kiasi cha punje ya mpunga. Nikalilaza kwa kidole gumba. Kwangu mimi lilikuwa pambo tu la kuandikiwa jina la kampuni.

Nikasafisha kitako kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikasugua ile shaba nyeusi kwa msasa laini hata ikang'aa, nikaivuta springi taratibu mpaka ikapata urefu, nikakausha kila kitu kwa kitambaa. Kisha nikaona kando ya kitako matundu 3 madogo yaliyotobolewa, nayo yamejaa mchanga. Nikasema, bila shaka hapa ndipo adui anapopitia. Nikayaziba kwa nta ya nyuki. Nikafunga. Kitufe kikabonyea na kurudi kwa sauti safi, kama ulimi wa kufuli jipya.

Kazi yote haikufika nusu saa. Tochi ya kizee jirani huipa saa nzima, na huijaribu usiku kucha kabla sijamrudishia. Hiki sikukijaribu hata kidogo. Nilikuwa nikitazama mlango kuliko nilivyoitazama kazi, nikiogopa mzazi wa mtoto asije akanikuta mwalimu wa chuo nimeshika sigara juu ya mkeka ule ule wa juzuu. Mpwa wangu akanibusu mkono, akaenda zake.

Siku ya nne yake tulikuwa katika sala ya isha, msikiti wa mtaani petu. Yeye alikuwa katika safu yangu, watu wawili baina yetu. Tulipokuwa katika rakaa ya tatu, tumetoka kwenye rukuu, nikasikia harufu kama ya sukari iliyoungua sufuriani. Naijua harufu ile, maana ilikuwa vidoleni mwangu jioni nzima ile. Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayejizuia kulia, na safu ikapasuka, na miguu ikakimbia kuelekea uani. Ndugu wasomaji, mimi nilibaki nimesimama. Mtu anaruhusiwa kukata sala kwa ajili ya kuokoa, nami hilo huwafundisha watoto. Lakini nilimaliza rakaa zilizobaki nisijue nasoma nini, na sijui mpaka leo kama nilibaki kwa kumcha Mungu au kwa kuogopa macho ya watu.

Nilipotoka nikamkuta kwenye mabomba ya udhu. Alikuwa amekitupa kile chombo mchangani, nacho bado kilikuwa kikitoa moshi. Mfuko wa kanzu ulikuwa na tundu lenye kingo nyeusi, na pajani pana kidonda cha moto upana wa kiganja cha mtoto, ngozi imeanza kuinuka. Mzee mmoja alikuwa anataka apakwe dawa ya meno, mwingine chumvi. Kwa bahati njema alikuwapo muuguzi mstaafu, akawafukuza wote, akafungua bomba, akaliacha maji yatiririke juu ya paja dakika 20 kamili, huku kijana anatetemeka. Baadaye hospitalini walisema maji yale ndiyo yaliyozuia moto usizame.

Watu wakasema yale ambayo watu husema. Mmoja akasema Mungu amemfedhehi mbele ya kibla. Mwingine akasema haya ndiyo wanayotuletea kutoka Uarabuni. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika ndala zake mkononi, wala sikusema neno.

Dada yangu alipata habari usiku ule ule, na zote kwa mara moja: kwamba mwanawe huvuta, kwamba ameungua, na kwamba mtaa mzima umekwisha kujua. Alilia, akakasirika, akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniita nyumbani kwake. "Zungumza naye, ndugu yangu. Wewe ni mjomba wake na ni mwalimu. Mimi maneno yamenishia."

Basi nikazungumza naye. Hapa ndipo nilipoona haya hata kuandika. Nilikaa kitini, kijana amekaa kitandani mguu umenyoshwa, mama yake mlangoni, nami nikatoa mawaidha marefu juu ya mtoto anayewaficha wazazi wake mambo. Nilisema vizuri sana. Nina mazoea ya kusema. Kijana alisikiliza ameinamisha macho. Nilipomaliza akasema, "Nimekosa, mjomba. Nisamehe, mama." Hakusema kuwa mjomba huyo ndiye aliyekuwa akijua. Hakusema ni nani aliyekifungua chombo na kukifunga. Dada yangu akanishukuru, akaniletea kahawa na kashata, nami nikala.

Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi nikakichukua kile chombo, ambacho nilikuwa nimekiokota mchangani na kukitia katika kopo la bati, nikakipeleka kwa fundi wa simu katika mojawapo ya barabara zile za Ngamiani zinazohesabiwa kwa nambari. Kijana huyo alihitimu Kurani kwangu, nami nilimchapa mara nyingi kwa ajili ya utoro. Nikamwambia, "Kitufe hiki kilikwama, kikatengenezwa, kisha kikakwama tena."

Akakifungua polepole, akakitazama kwa ile miwani yake ya kukuzia. Kisha akasema, "Maalim, kitufe hakikukwama. Kitufe hiki kimetengenezwa vizuri. Springi ina nguvu, shaba ni safi. Tazama mwenyewe." Akakibonyeza, kikarudi.

"Basi moto umetoka wapi?"

Akaigeuza betri, akaniwekea chini ya taa. Pale palipokuwa na mchaniko kama punje ya mpunga, ganda lilikuwa limeyeyuka na kurudi nyuma, na bati la ndani linaonekana, lina alama nyeusi. Akaniuliza kama nilivyokuwa nikimwuliza yeye zamani: "Maalim, kazi ya kitufe ni nini?"

"Kukutanisha kitako cha betri na bomba."

"Vyema. Na kitako cha betri hii kinaishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha kuwa katika betri ya namna hii, bati lote la ubavu, kutoka chini mpaka karibu na kichwa, ni upande mmoja na kitako, upande hasi. Lile ganda jembamba ndilo peke yake linalolitenga na bomba. "Basi ganda likichanika, na betri ikasogea kidogo ndani, kama mtu anapoinama na kuinuka, ubavu hugusa shaba. Hapo kitufe kina haja gani? Ni kama kimebonyezwa, na hakuna kidole kitakachokiachia. Na lau mchaniko ungalikuwa juu kabisa, penye bega la betri, ambapo chanya na hasi zimetengwa kwa kipete tu, umeme usingepita hata kwenye ule waya. Ungalikuwa shoti moja kwa moja, na pengine tusingekuwa na paja la kutibu."

Kisha akachukua kalamu ya risasi akafanya hesabu nyuma ya bahasha. Betri hii ikijaa ina volti 4.2. Ule waya wa kichwani ukinzani wake ulikuwa sehemu mbili ya kumi za omu, yaani 0.2. Gawa, unapata ampea 21. Tochi ya baba yangu, ya betri mbili kubwa na balbu, ilikula kama nusu ya ampea. Zidisha tena volti kwa ampea, unapata wati 88, na pasi anayolehemea yeye simu na redio ni ya wati 40. Mpwa wangu alikuwa na pasi mbili za kulehemu zinazowaka mfukoni, akisali. Betri nyingi za umbo lile, akaniambia, hazikutengenezwa kutoa hata hizo ampea 21 kwa muda mrefu. Hupata moto, na zikizidi huanza kujichoma zenyewe kwa ndani, zikatoa gesi na ndimi za moto.

"Sasa, Maalim, ni mjinga gani aliyeziba matundu haya kwa nta? Haya ndiyo matundu ya kutolea ile gesi. Yakizibwa, bomba hili ni kombora."

Nikamjibu, "Ni mimi."

Akanyamaza. Akainama akajifanya anatafuta kitu katika droo. Kisha akasema kwa adabu, "Hukujua, Maalim." Heri angalinicheka.

Hakuyasema hayo kwa kunitisha. Mwaka 2018, katika mji wa St. Petersburg jimboni Florida, Marekani, mtu aliuawa na sigara ya umeme iliyomlipukia, na mwaka 2019 mwingine akafa vivyo hivyo katika jimbo la Texas. Mamlaka ya Zimamoto ya nchi hiyo ilitoa taarifa mwaka 2017 iliyohesabu ajali 195 za moto na milipuko ya vitu hivi baina ya 2009 na 2016, na watu 133 walijeruhiwa. Baadhi ya hizo zilitokea chombo au betri ikiwa mfukoni. Kwa ajili ya hatari hiyo Marekani ilikataza tangu mwaka 2015 kuvitia katika mizigo inayokwenda chini ya ndege. Sisi huku hatuhesabu. Kijana akiungua husema ameungukiwa na chai.

Nilimwuliza betri ile niifanyeje. Akaizungushia utepe wa plastiki ncha zote mbili, akaitia katika kopo lake la mchanga pamoja na betri mbovu za simu. Akanikataza kuitupa jaani, kwa kuwa sisi desturi yetu ni kuzichoma taka nyuma ya nyumba, na betri ya lithiamu katika moto wa taka huweza kumrukia mtoto aliyesimama karibu. Akaniambia tena kwamba vijana wengine hutembea na betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo na sarafu, na kwamba ufunguo mmoja unatosha kuunganisha ncha zake. Hilo nalisema hapa kwa ajili ya akina mama wanaopekua mifuko ya kanzu kabla ya kufua: mkiiona betri tupu ya namna hiyo, msiiache pamoja na vyuma, wala msiitie majini.

Nikatoka kwa fundi nikaenda moja kwa moja kwa dada yangu. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nilikaa juu ya kinu, nikamweleza yote tangu alasiri ile: kwamba mwanawe aliniletea, kwamba nilijua anavuta, kwamba nilikubali kuficha, kwamba bisibisi yangu ndiyo iliyolichana ganda, na kwamba nilikula kashata zake siku ya mawaidha nikiwa nayajua hayo.

Juu ya bisibisi hakusema kitu. Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Kwa hivyo siku nne ulikuwa unajua."

"Siku nne kabla, dada. Na siku nne baada."

"Nami nikakuleta umfunze mwanangu kutoficha."

Sikuwa na la kusema. Akainuka akaingia ndani na ungo, akaniacha uani peke yangu kwa muda mrefu, mpaka kuku wakaja kuokota chenga miguuni pangu. Nilidhani hatarudi. Alirudi amemshika mwanawe mkono, kijana anachechemea, akamketisha mbele yangu, akasema, "Sasa semeni nyinyi wawili. Mimi nitasikiliza."

Nikamwomba kijana radhi mbele ya mama yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba radhi mtu aliyewahi kukaa chini ya bakora yangu, na ulimi ulikuwa mzito kuliko nilivyotazamia. Yeye akalia, jambo ambalo hakulifanya hata pale bombani. Akasema hakutaka kunitaja kwa sababu mimi ndiye mtu pekee aliyemwambia. Akasema pia kwamba chombo hakitaki tena, lakini anaogopa. Tangu aungue amekwisha kuvuta sigara 4 za kawaida nyuma ya choo, naye alidhani amezishinda. Dada yangu alishika kifua. Lakini alisema tu, "Afadhali nijue."

Akataka kukiona chombo. Nikakitoa katika kopo, nikakifungua kipande kipande juu ya ungo, nikamwonyesha springi, matundu niliyokwisha kuyazibua, na mahali bisibisi ilipopita. Alivishika vyote kwa zamu. Kitufe ndicho alichokaa nacho zaidi. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kikarudi. Akakibonyeza tena, kikarudi.

"Hiki hakina kosa?" akaniuliza.

"Hakina."

Akakitia katika kikopo chake cha sindano na vifungo, na vipande vingine nikarudi navyo. Mpaka ninapoandika haya, mpwa wangu hajaacha kabisa. Wapo madaktari wanaomshauri, na kidonda kimepona kimeacha baka. Kila Alhamisi baada ya alasiri hupita chuoni, akakaa pale pale mkekani, akaniambia wiki hii amevuta mara ngapi. Zamani angaliniomba nisimwambie mama yake. Sasa hutoka kwangu akaenda kumwambia yeye mwenyewe, na mara nyingine, nikifika jioni kumjulia hali dada, hesabu naikuta imekwisha kunitangulia.